Vibanda vya Kulala katika Njia ya Appalachian

Katika upande wa mashariki wa nchi ya Marekani iko njia ya waendao kwa miguu, ipitayo juu ya migongo ya milima ya Appalachian toka kusini hata kaskazini. Huanzia juu ya mlima Springer katika jimbo la Georgia, nayo huishia juu ya mlima Katahdin katika jimbo la Maine, baada ya kupita katika majimbo 14. Urefu wake ni maili 2,190 hivi. Msomaji akitaka kuupima urefu huo kwa kipimo anachokijua, na afikiri habari ya mtu aendaye kwa miguu kutoka Mombasa mpaka Nairobi mara saba, tena kwa kupanda na kushuka milima kila siku. Wengi huenda sehemu tu, siku mbili tatu au juma moja, kisha hurudi makwao. Wale watakao kuimaliza yote kwa safari moja huondoka Georgia yapata mwezi wa Machi au Aprili, nao huhitaji miezi mitano mpaka saba. Katika kila watu wanne waanzao, ni kama mmoja tu afikaye mwisho.

Mtu asiye mzoefu hudhani ya kuwa shida ya safari kama hiyo ni miguu. Miguu huzoea. Jambo ambalo halimwishii msafiri ni lile la jioni, jua likielekea kuchwa na wingu likijikusanya: atalala wapi? Wengi huchukua hema ndogo ndani ya shanta zao, lakini hema iliyolowa ni mzigo mzito, na usiku wa mvua baridi juu ya mlima si mchezo. Kwa sababu hiyo katika njia yote vimejengwa vibanda zaidi ya 250. Alama za njia yenyewe ni mistari ya rangi nyeupe iliyopakwa juu ya miti, urefu inchi sita na upana inchi mbili. Mtu akiona mstari wa rangi ya samawati hujua ya kuwa umepinda kando kuelekea kwenye maji au kwenye kibanda, na mara nyingi kwenye vyote viwili.

Kibanda cha kawaida ni kitu duni sana kukitazama. Kina sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya ardhi, kuta tatu za magogo au za mawe, na paa lenye mteremko. Upande wa nne u wazi kabisa. Hakina mlango wala kufuli, wala mwenyewe wa kudai kodi. Watu sita mpaka kumi na wawili hulala humo wamepangana kama samaki katika kopo, vichwa ukutani na miguu nje, au kinyume chake. Desturi ni kwamba atanguliaye kufika ndiye apataye nafasi. Lakini iko desturi nyingine iliyo juu ya hiyo: mvua ikinyesha, kibanda hakijai kamwe, na ajaye usiku akiwa amelowa hufanyiwa nafasi hata kama walio ndani watalala ubavu mmoja mpaka asubuhi.

Vibanda hivyo vilikuwamo katika fikira ya kwanza ya njia yenyewe. Mwezi wa Oktoba 1921 Bwana Benton MacKaye, ambaye kazi yake ilikuwa ya misitu, aliandika makala katika jarida la wachoraji wa majengo akitoa shauri la kuikata njia hiyo, na katika shauri lake aliweka kambi za kulala zenye nafasi ya mwendo wa siku baina yake. Alikuwa akiwafikiria watu wa mijini waliochoshwa na viwanda. Njia ilimalizika kukatwa mwezi wa Agosti 1937, kwa juhudi kubwa ya Bwana Myron Avery, mwanasheria aliyeipima kwa gurudumu la kupimia maili baada ya maili. Vibanda vingi vya zamani ni kazi ya vijana waliokosa ajira katika dhiki ile ya miaka ya 1930, ambao Serikali ya Rais Roosevelt iliwaandika tangu mwaka wa 1933 kufanya kazi misituni kwa mshahara wa dola 30 kwa mwezi. Katika hizo dola 25 zilipelekwa nyumbani kwa wazazi wao. Walijenga kwa mawe na magogo mazito, na kazi yao yaonekana hata leo.

Lakini kujenga ni siku moja, na kutunza ni siku zote. Jambo hilo lilidhihirishwa na mwanamke mmoja mzee. Mwaka wa 1955 Bibi Emma Gatewood wa jimbo la Ohio, mama wa watoto 11, mwenye umri wa miaka 67, aliondoka Georgia peke yake bila ya hema, amevaa viatu vya turubai na kutia vitu vyake katika mfuko alioushona mwenyewe. Alikuwa amesoma katika gazeti ya kuwa njia ni nzuri na ya kuwa kila jioni msafiri hukuta kibanda. Alifika Katahdin mwezi wa Septemba, akawa mwanamke wa kwanza kuimaliza njia peke yake kwa safari moja. Alipoulizwa habari za safari hakuficha neno: vibanda vingi alivikuta vimeangushwa na upepo, au vimeungua moto, au vimejaa uchafu hata akaona heri kulala nje juu ya majani makavu. Magazeti yaliyachapa maneno yake, na wenye njia waliyasikia.

Tangu zamani hata sasa watunzaji wa njia ni vyama vya watu wasiolipwa, kila chama na sehemu yake. Siku ya mapumziko, karani wa benki au mwalimu wa shule huchukua msumeno na ndoo ya misumari, akapanda mlima kwenda kutia kigae kipya au kuchimba choo. Ndiyo sababu watembeaji wanapohesabu vibanda walivyovipenda, mara nyingi hawavitaji vile vilivyo vipya au vikubwa. Hutaja vile ambavyo mtu akiingia huona mara moja ya kuwa yuko anayevijali.

Kibanda cha kwanza ambacho msafiri atokaye kusini hukikumbuka ni kile cha mlima Blood katika Georgia, juu kabisa ya kilele, futi 4,458. Ni nyumba ya mawe yenye vyumba viwili, iliyojengwa na vijana wale wa Roosevelt. Hakuna maji huko juu, na kuwasha moto ni marufuku, tena ndani mna giza na panya. Hata hivyo wengi hutaka kulala humo angalau usiku mmoja, kwa kuwa ukitoka nje alfajiri wauona ukungu umelala mabondeni kama maziwa yaliyomwagwa, na milima imejitokeza juu yake. Mwenye kutaka starehe zaidi na ashuke mpaka Neel Gap, maili mbili tatu mbele, ambako njia hupita katikati ya jengo la mawe lenye duka. Huko wengi wa wale walioanza kwa haraka hutua shanta zao, wakapunguza mizigo, au wakatafuta gari la kurudi kwao.

Baada ya hapo sifa kubwa ni ya kibanda cha bwawa la Fontana, katika North Carolina. Bwawa lenyewe lilijengwa tangu 1942 hata 1944 wakati wa vita, na ukuta wake una kimo cha futi 480. Kibanda kina nafasi ya watu zaidi ya ishirini, na karibu na ukuta wa bwawa mna mahali pa kuoga maji ya moto. Kwa hiyo watembeaji wamekipa jina la hoteli kubwa ya kifahari, kwa mzaha. Hapana shaka ya kuwa maji ya moto ni neema kwa mtu aliyekaa juma zima bila kuoga. Lakini sifa za namna hiyo ni sifa za maji, wala si za kibanda, na mtu akisifu mno pahali kwa ajili ya sabuni huwa amesema habari zake mwenyewe.

Kutoka hapo njia huingia katika hifadhi ya Great Smoky Mountains, karibu maili 70, na sheria hugeuka. Humo mtu hawezi kuingia bila hati, wala hawezi kupiga hema apendapo. Yampasa kulala katika vibanda vya mawe. Wenye nafasi walizoziandikisha mbele ndio wenye haki, na wale waendao mwisho mpaka mwisho huwapisha kikijaa, wakapiga hema zao kando. Sababu kubwa ya mpango huo ni dubu. Zamani mbele ya vibanda vingi vya huko paliwekwa wavu wa chuma na mlango, hata watu wakawa wamelala ndani ya tundu na mnyama akitembea nje huku akiwatazama. Nyavu hizo ziliondolewa kidogo kidogo. Ilionekana ya kuwa watu walipojiona salama walianza kuwatupia dubu chakula, na dubu aliyekwisha onja chakula cha watu hasahau. Siku hizi vyakula huning'inizwa juu kwa kamba za chuma, mbali na walipolala.

Kupita hapo, kwenye mpaka wa North Carolina na Tennessee, palikuwa na kibanda ambacho pengine kilipendwa kuliko vyote. Overmountain lilikuwa ghala kuukuu la mkulima, limepakwa rangi nyekundu, katika penyo ya Yellow Mountain. Kwa njia hiyo ndiyo walipita wanamgambo mwaka wa 1780 wakienda kupigana na majeshi ya Mfalme wa Uingereza pale Kings Mountain. Lilikuwa na ghorofa, na watu wengi sana waliweza kulala. Mtu aliyelala upande wa wazi aliamka akalikuta bonde zima limelala chini ya miguu yake. Upepo ulipita baina ya mbao, na hakuna aliyelalamika. Lakini ghala la mkulima halikujengwa ili kubeba watu wengi kila usiku mwaka baada ya mwaka. Mwaka wa 2019 idara ya misitu ililifunga kwa kuwa halikuwa imara tena, na ruhusa ya kulala humo ikakoma. Watu walihuzunika kama waliofiwa. Hata hivyo ni vigumu kuwalaumu waliofunga: paa likianguka usiku juu ya watu thelathini, nani angejibu?

Katika Virginia, karibu na Mount Rogers ambao ndio mlima mrefu kupita yote ya jimbo hilo, kiko kibanda cha Thomas Knob cha ghorofa mbili, kilichojengwa 1991. Huko wageni wa usiku ni farasi wadogo wenye manyoya marefu, walioachwa porini miaka ya 1970 ili wale vichaka na kuyaacha malisho wazi. Hawawaogopi watu. Huja mpaka mlangoni kulamba jasho lililokauka juu ya mikanda ya shanta na vipini vya fimbo, kwa ajili ya chumvi, na mtu asiyetundika vitu vyake juu huamka akavikuta vimelowa mate. Mbele kidogo ni kibanda cha Partnership, karibu na ofisi ya misitu, ambacho kwa miaka mingi kilipata sifa kwa sababu palikuwa na bomba la kuogea, na simu ya kuagizia piza mjini. Hayo yameshatajwa kule Fontana.

Afadhali kukaa zaidi katika Pennsylvania, kwenye kibanda cha Quarry Gap. Nacho ni cha miaka ile ya 1930: vibanda viwili vidogo vya magogo vinavyotazamana chini ya paa moja, na katikati meza ya kulia. Kijito hupita mbele yake. Tofauti yake na vingine haimo katika ujenzi. Changarawe imetandazwa, kingo za njia zimepangwa mawe, maua yamepandwa na mengine yametundikwa katika vikapu, na sakafu imefagiwa hata mtu huona haya kukanyaga na buti zenye tope. Hakuna mshahara uliolipwa kwa ajili ya maua hayo. Watembeaji wasemao kwa kawaida habari za maili na uzito wa mizigo tu, wakifika hapo huanza kuandika mengine kabisa katika daftari la kibanda. Daftari hilo liko katika kila kibanda, limefungwa ndani ya mfuko usioingia maji. Kila apitaye huandika jina na tarehe na neno lolote apendalo. Kazi yake si mazungumzo tu. Mtu akipotea, watafutaji hufungua madaftari, wakajua alilala wapi mwisho.

Maana kibanda kisicho na mlango humpokea kila mtu, mwema na asiye mwema. Mwezi wa Septemba 1990, katika jimbo hilo hilo la Pennsylvania, vijana wawili waliokuwa safarini waliuawa ndani ya kibanda kilichoitwa Thelma Marks. Mambo ya namna hiyo ni machache sana katika historia ya njia, lakini hilo liliwatikisa wote. Mwaka wa 2000 chama cha hapo kilijenga kibanda kipya jirani, kikaitwa Cove Mountain, na kile cha zamani kikaondolewa. Hicho kipya nacho hakikutiwa mlango.

Katika jimbo hilo kiko pia kibanda kimoja ambacho hakimkingi mtu yeyote sasa. Bwana Earl Shaffer, askari aliyerudi kutoka vita vya Pasifiki na ambaye mwaka wa 1948 alikuwa wa kwanza kujulikana kuimaliza njia yote kwa safari moja, baadaye alijenga kwa mikono yake kibanda kidogo katika Peters Mountain. Kilipokwisha kuchakaa kilifunguliwa gogo kwa gogo, kikasimamishwa tena ndani ya jumba la makumbusho la njia hiyo pale Pine Grove Furnace, mahali ambapo ni karibu na katikati ya safari. Msafiri aweza kukitazama, kisha huenda akalale kwingine.

Upande wa Massachusetts hutajwa sana nyumba ya Upper Goose Pond, ambayo si kibanda cha kuta tatu bali nyumba ya mbao nyekundu kando ya ziwa, yenye vitanda na mitumbwi. Katika miezi ya joto hukaa humo watunzaji wa kujitolea kwa zamu, na asubuhi huwapikia wageni chapati za maji na kahawa. Mtu aliyeishi kwa mchele wa pakiti kwa miezi minne hula chapati hizo kwa kimya.

Kutoka hapo milima huwa mikali. Katika New Hampshire, chini ya kilele cha Mount Washington, iko nyumba ya mawe iitwayo Lakes of the Clouds, futi 5,012 juu ya usawa wa bahari, nayo haikujengwa kwa ajili ya starehe. Siku ya 30 Juni 1900 Bwana William Curtis, mwanariadha mashuhuri wa miaka 63, na mwenzake Allan Ormsbee walikuwa wakipanda kwenda kwenye mkutano wa chama cha wapanda milima uliokuwa ukifanyika kileleni. Ilikuwa majira ya joto. Dhoruba ya barafu iliwakuta njiani. Wakajaribu kujikinga chini ya vichaka vifupi, na mahali pa kujikinga hapakuwako. Curtis alifia huko chini, na Ormsbee akaendelea kutafuta msaada akafa karibu na kilele. Mwaka uliofuata chama kilijenga kibanda cha kuokolea, na mwaka 1915 nyumba ya mawe ikasimama. Pepo za mlima huo si za mithali: siku ya 12 Aprili 1934 wapimaji wa hali ya hewa waliokuwa kileleni walipima upepo wa mwendo wa maili 231 kwa saa.

Leo nyumba hiyo hulipisha wageni fedha nyingi, na watembeaji wengine huona uchungu kwa kuwa wao hawana fedha hizo. Lakini uko mpango wa zamani: wachache kati ya waendao mwisho mpaka mwisho hupewa kazi ya kuosha vyombo au kufagia, na malipo yao ni mabaki ya chakula na ruhusa ya kulala juu ya sakafu ya chumba cha kulia, taa zikisha kuzimwa. Chini ya jengo kiko pia chumba kidogo cha mawe, chenye vitanda vya mbao, kilichowekwa kwa ajili ya atakayekumbwa na dhoruba. Majira ya baridi, nyumba yote ikifungwa, ndicho kibakiacho wazi.

Maine ni jimbo la mwisho, na vibanda vyake ni vya namna ya zamani. Vingine vina sakafu ya fito za mviringo zilizopangwa sambamba, kama ulili uliokosa mkeka. Mtu hugeuka usiku kucha akitafuta pahali ambapo fito na mbavu zitapatana. Nungu hutafuna kingo za mbao kwa ajili ya chumvi ya jasho la wale waliokaa hapo. Kibanda cha Rainbow Stream ni cha namna hiyo, na bado wengi hukitaja miongoni mwa vile walivyovipenda, kwa sababu ya kijito kipitacho mbele yake chenye sauti kubwa ya kumlaza mtu. Kimo katika ule mwitu wa maili mia moja, ambao mwanzoni mwake pamewekwa kibao cha kumwonya msafiri achukue chakula cha siku kumi.

Mwisho kabisa ni vibanda viwili vidogo vya The Birches, katika hifadhi ambayo Gavana Percival Baxter aliinunua kwa fedha zake akawapa watu wa Maine. Hapo hupokewa watu 12 tu kwa usiku mmoja, wale waliokuja kwa miguu toka mbali. Kutoka hapo mpaka kilele cha Katahdin ni maili tano na kidogo, na mpando ni mkali. Wengi huamka kabla ya mapambazuko, wakaacha shanta zao kubwa kwa mlinzi wa hifadhi, wakachukua maji na kipande cha mkate. Sakafuni, waliokuwa wamelala mbavu kwa mbavu, hubaki ukungu wa vumbi na fundo moja mbili za kamba ambazo hakuna atakayezihitaji tena.